Alichosema Alma Mitamboni

Siku waliyokuja kupiga filamu mtaa wa Cobden, jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, jambo ambalo mji wa viwanda wa Thornshaw, kule kaskazini penye mvua, hulipata mara chache na haujui la kulifanyia. Wanawake walikuwa wametoa viti nje. Ndipo likaja gari la zimamoto, wanaume wakashusha mpira mrefu, wakaanza kuyamwagia maji mawe ya barabara, kuta za matofali, na hata vizingiti vya milango vilivyokuwa vimesuguliwa asubuhi ile ile. Mwongozaji wa filamu, kijana wa kusini aliyeitwa Bwana Lanyon, alisimama katikati ya barabara amevaa koti la mvua chini ya jua kali, akasema bado haitoshi.

"Haitoshi kwa nini?" Nellie Pilling alimwuliza kutoka kwenye kiti chake. "Unataka samaki waogelee?"

"Nataka watu wauone ukweli, bibi," kijana alijibu kwa adabu.

"Ukweli leo ni mkavu, mwanangu."

Watu wakacheka, na Bwana Lanyon naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Kisha akaomba nguo zianikwe kwenye uchochoro wa nyuma, kamba kwa kamba, kuanzia juu hadi chini. Hapo kicheko kikakatika. Ilikuwa Alhamisi. Thornshaw nzima hufua Jumatatu, na mwanamke anayeanika shuka Alhamisi ama ni mgonjwa, ama ni mvivu, ama kuna msiba nyumbani kwake. Alma Shorrock, aliyekaa nyumba ya pili kutoka mwisho, ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali. Alitoa kabatini shuka zilizokwisha kupigwa pasi na kukunjwa, akazitundika huku amekaza uso, akarudi ndani na kufunga mlango. Alijiona kama mtu aliyeombwa avuke barabara na nguo ya ndani.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mikono myepesi na mdomo uliozoea kubanwa. Mumewe, Wilf, alikuwa fundi wa mitambo ya kufumia katika kiwanda kile kile alichofumia yeye. Walikuwa na binti mmoja, Jean, aliyekwisha kuolewa na kuhamia Preston. Wilf alikuwa mtu wa maneno machache. Alikunywa chai yake, aliimba sauti ya chini katika kwaya ya kanisa, alipanda maua ya krisanthemumu nyuma ya nyumba, na hakuwahi kuinua mkono wala sauti. Wanawake wengine walimwambia Alma kwamba ana bahati. Naye alikubali, kama mtu anavyokubali akiambiwa kwamba koti lake ni la kitambaa kizuri.

Wiki iliyofuata wapiga filamu wakaingia kiwandani.

Ndani ya ukumbi wa kufumia kelele huwa nyingi kiasi kwamba sauti ya mtu haina kazi. Mitambo mamia inagonga kwa pamoja, sakafu inatetemeka hadi kwenye meno, na anayepiga ukelele anajichosha bure. Kwa hiyo wafumaji husema kwa midomo. Huivuta, huibana, huipanua kwa kila neno mpaka mwenzao aliye upande wa pili wa ukumbi alisome kama amelishika mkononi. Binti huanza kujifunza siku ya kwanza ya kazi na akizeeka huwa haachi. Wanawake wa Thornshaw walisengenyana hivyo kanisani wakati wa mahubiri, na kwenye basi, na kutoka dirisha hadi dirisha. Mafundi nao waliijua lugha hiyo, maana wangewezaje kufanya kazi bila kuijua?

Bwana Lanyon aliweka kamera yake kwenye njia ya katikati. Mbele alimweka mwigizaji wake, Rosalind Keir, msichana mzuri mwenye nywele nyingi, ambaye katika filamu alikuwa mke wa mtu lakini anampenda mwanamume mwingine. Msichana alikuwa amejitahidi. Alikuwa amejifunza kuunga uzi, na vidole vyake vilikuwa vimechubuka. Nyuma yake, kwa bahati tu, kulikuwa na mitambo ya Alma na ya Nellie.

"Fanyeni kama kawaida," mwongozaji aliwaambia kabla mitambo haijawashwa. "Fanyeni kazi, ongeeni, msitutazame. Sauti zenu hazitasikika. Hapo tutaweka muziki."

Mwanzoni wote walikakamaa kama watu wanaopigwa picha ya harusi. Lakini kitambaa hakimngoji mtu, uzi ukikatika umekatika, na baada ya saa moja hakuna aliyekumbuka kamera. Nellie ndiye aliyeanza.

"Umesikia hadithi yao ilivyo?" alisema kwa midomo. "Mwanamke ana mume mwema na hamtaki. Anamtaka kijana wa pikipiki."

"Kila mwanamke angemtaka kijana wa pikipiki," Alma alijibu.

"Na wewe wako ulimtakia nini?"

Alma aliangalia kushoto na kulia. Wilf hakuwepo. Alikuwa ameitwa ukumbi wa pili kwenye mtambo uliogoma. Basi akamjibu shoga yake, na jibu lenyewe likamchekesha hata akaegemea mtambo, akarudisha kichwa nyuma na kucheka kama hajacheka siku nyingi. Kisha uzi ukakatika, akainama kuuunga, na mambo yakaishia hapo. Jioni hakukumbuka tena alichosema.

Filamu ilirudi Thornshaw majira ya kuchipua, na ilionyeshwa sinema ya Regal wiki nzima. Jumatatu, maonyesho ya jioni mapema, waliingizwa bure wote walioshiriki. Juu, kwenye viti vya velveti, walikaa meya na mkewe, mwenye kiwanda, daktari na jamaa zao. Chini walijaa wafumaji, mafundi, wasafisha mitambo na waume zao na wake zao, wamevaa nguo za kanisani, wamebeba pipi za mnanaa. Alma alikaa kati ya Wilf na Nellie.

Ukumbi ulifurahi sana mwanzoni. Kila nyumba iliyotokea ilishangiliwa kwa jina la mwenyewe. Mtaa wa Cobden ulipoonekana umelowa na kung'aa kama makaa ya mawe, mtu mmoja alipiga kelele, "Jamani, mvua ya kununua!" na shuka za Alma zilipopepea uchochoroni, Nellie alimgusa ubavuni kwa kiwiko. Taratibu wakatulia. Hadithi ilikuwa ya huzuni, na waigizaji walisema kwa lafudhi ya mji ule, au karibu nayo, na watu wa Thornshaw hawakuwahi kusikia lafudhi yao ikitoka kwenye pazia la sinema isipokuwa kwa mjakazi au kwa mlevi. Baadhi ya wanaume walikohoa. Wanawake waliacha kutafuna.

Ndipo ukaja ukumbi wa kufumia. Muziki wa fidla ulipanda, mitambo ikacheza bila kelele, na Rosalind Keir akasimama mbele ya mtambo akifikiria mapenzi yake. Nyuma ya bega lake, wazi kabisa, mkubwa kama ukuta wa ghala, ulikuwepo uso wa Alma Shorrock.

Alma hakujitambua mara moja. Alimwona mwanamke aliyefunga kitambaa kichwani, akitazama kushoto na kulia kama mwizi wa mapera. Halafu midomo ya mwanamke yule ikafunguka, mikubwa, polepole, ikisema kila neno kama inavyotakiwa kusemwa.

"Wilf? Sikumpenda hata siku ile ya kanisani, mimi niliolewa kwa sababu…"

Rosalind Keir akageuza kichwa. Nywele zake zikaifunika midomo. Zilipopita, mwanamke wa nyuma alikuwa ameshamaliza kusema. Alikuwa amerudisha kichwa nyuma, macho yamefumbwa, meno yote nje, anacheka.

Huko juu, mke wa meya alinong'ona kwa sauti iliyofika chini, "Angalia wanavyofurahi, masikini." Huku chini hakuna aliyetikisika. Ukumbi mzima ulikuwa umesoma. Watu wazima mia kadhaa walivuta pumzi mara moja na kuizuia, kisha kiti kimoja kikalia, kisha mtu akakohoa, na filamu ikaendelea na mapenzi yake.

Alma hakuuona mwisho wake. Alijua tu kwamba mkono wa Wilf, uliokuwa umeegemea kiti karibu na mkono wake, haukuondoka wala haukusogea. Taa zilipowashwa na wimbo wa taifa kupigwa, Wilf alisimama wima na kofia mkononi kama kila mtu, macho mbele. Njiani kurudi nyumbani aliwaitikia salamu wote waliomsalimu. Alipofika alivua koti, akalitundika, akauliza, "Chai bado ipo?"

"Ipo."

Akanywa. Akapanda kulala. Alma alibaki amesimama jikoni akitamani mumewe angevunja kitu. Sahani moja tu. Angezoa vigae, angekuwa na la kufanya.

Kesho yake, kiwandani, alikutana na adhabu ambayo hakuitarajia. Hakuna aliyemtukana. Ila kila alipoinua macho, mtu fulani aligeuza uso. Wanawake waliongea wakiwa wamempa kisogo, wengine wameziba midomo kwa kiganja, naye akabaki peke yake katikati ya kelele kama kiziwi. Mafundi walikuwa na mzaha wao. Sid Catlow, aliyekuwa na ulimi mrefu, alimsimamisha Wilf mlangoni wakati wa chakula.

"Wilf, ndugu yangu, umekuwa nyota wa sinema bila hata kuonyesha pua!"

"Sid," Wilf alisema, "mtambo wa nne unavuja mafuta. Ni wako ule."

Akapita. Watu waliosikia walisema huyu bwana ama ana moyo wa chuma ama hana moyo.

Nellie alimfuata Alma bombani, alikokuwa akiosha kikombe chake. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi ndiye niliyekuuliza, shoga. Mdomo wangu huu. Lakini nimeshalitengeneza."

"Umelitengenezaje?"

"Nimewaambia maneno yaliyofichwa na zile nywele. Nimesema ulimalizia hivi: niliolewa kwa sababu mama alitaka, lakini leo simtoi kwa mtu mwingine hata anipe jumba la mfalme. Wengi wameamini. Bibi Haworth amelia."

Alma alifunga bomba. "Nani aliyekutuma?"

"Hakuna. Lakini ni maneno mazuri, Alma. Yatumie. Mwambie Wilf."

Alirudi mtamboni akiyafikiria. Yalikuwa mazuri kweli, na yangemtosha. Mchana ule wote aliyafanyia mazoezi moyoni, na kila mara alipofika kwenye jumba la mfalme alijisikia kama anajaribu kiatu cha mtu mwingine. Alikumbuka sasa alichosema, neno kwa neno. Hakikuwa kibaya kama watu walivyodhani, wala hakikuwa kizuri kama alivyotunga Nellie. Hakikuwa kitu cha kumwambia mume.

Jioni ile Wilf alikula viazi na nyama yake, akafuta mdomo, akavaa koti. "Natoka kidogo," alisema.

Haikuwa siku ya kwaya. Alirudi baada ya muda, hakunuka pombe, akapanda kulala. Siku iliyofuata ikawa vile vile. Alma hakuuliza. Katika ndoa yao kuuliza hakukuwa na mazoea, na mazoea hayaanzishwi katikati ya balaa. Lakini alianza kuunganisha mambo. Wilf alikuwa na dada yake katika mji wa Todmorden, mjane, mwenye chumba kitupu. Basi la Todmorden lilisimama kona ya Regal. Pengine alikwenda kuongea naye kwa simu ya mtaani. Pengine walikuwa wameshakubaliana na kilichobaki ni sanduku.

Alijaribu kuiona nyumba bila Wilf. Alikwisha kuiona hivyo mara nyingi zamani, alipokuwa kijana na hasira, na siku zile aliiona kubwa, nyeupe, yenye hewa. Sasa akikaa jikoni alijikuta ameshika sindano na soksi ya Wilf bila kushona, kichwa kimeinamia mlango, akisubiri sauti ya kitasa cha lango la nyuma. Wilf alikuwa amekirekebisha kitasa mwenyewe ili kisigonge, na kilipofungwa kilitoa mlio mdogo tu, kama mtu anayelamba kidole afungue ukurasa. Alma alishangaa kwamba anaujua mlio huo vizuri hivyo. Na ulipokuja, akainamisha kichwa haraka kwenye soksi ili asikutwe akisikiliza.

Nellie ndiye aliyemletea habari, Ijumaa, wakati wa chakula. Alimvuta nyuma ya marobota ya pamba.

"Wako jioni haendi Todmorden, kama watu wanavyodhani. Anakwenda Regal."

"Regal?"

"Kila jioni. Anakata tiketi dirishani kwa Doris, anaingia, anakaa mpaka pale penye mitambo, pakipita anainuka na kuondoka. Doris anasema hata mwisho hajauona tangu Jumatatu."

Alma alipandwa na hasira, na hasira ilimfaa, maana ilikuwa na nguvu kuliko aibu. Kwa hiyo anajitonesha. Anakaa gizani kila siku kujisomea hukumu, halafu anarudi kunywa chai ya mwanamke aliyemhukumu, bila neno. Kama ana la kusema aseme! Jioni, Wilf alipotoka, alisubiri kidogo, akafunga kitambaa kichwani, akamfuata.

Ukumbi ulikuwa na watu wachache, wengi wao vijana waliokuja kwa ajili ya giza. Filamu ilikuwa imeshafika mbali. Alimwona Wilf katikati ya safu tupu, kofia magotini. Alma akakaa safu ile ile, pembeni kabisa, upande wa ukuta. Hakutaka kujitazama tena. Muziki wa fidla ulipopanda aligeuza uso na kumtazama mumewe.

Mwanga wa mitambo ulimpiga usoni. Maneno yalipokuja, yale ya kanisani, Wilf hakupepesa. Aliyaacha yapite kama mtu anavyoacha gari la mizigo lipite ili avuke barabara. Nywele zikapita. Halafu akasogea mbele kwenye kiti. Akainua kidevu, mdomo ukafunguka kidogo, na uso wake mzito ukawa uso ambao Alma hakuwahi kuuona, uso wa mtu aliyesikia ala inapigwa mahali fulani mbali na anajaribu kujua ni upande gani. Ikawa hivyo kwa kitambo ambacho kicheko kilidumu pale kwenye pazia. Kisha picha ikabadilika, Wilf akaegemea nyuma, akavaa kofia na kuinuka. Alipogeuka ndipo alipomwona.

Walitoka nje pamoja. Bado kulikuwa na mwanga. Walitembea hadi kona, na kwenye kituo cha basi Alma akasimama.

"Mbona unajifanyia hivi, Wilf?"

"Najifanyia nini?"

"Kuyasoma yale maneno kila siku. Yanitoshe mimi. Mimi ndiye niliyesema, na nilisema, siwezi kukataa. Lakini wewe unayafuata mpaka unayalipia."

Wilf alitoa leso, akapangusa pua, akairudisha mfukoni. Alikuwa mtu wa kupanga vifaa vyake kabla ya kuanza kazi.

"Yale maneno siyafuati. Yale nilikuwa nayajua."

"Tangu Jumatatu."

"Tangu siku yenyewe, Alma. Nilisimama pembeni yako. Mtu akisimama pembeni anaona."

Alma alimgeukia. "Ukaona, ukanyamaza?"

"Ningefanya nini? Mchungaji alishaanza." Akaangalia barabara. "Nikasema, tutaona. Nikawa nasubiri. Halafu Jean akaja, halafu vita, halafu tukawa tumezoea. Si vibaya. Sikuwahi kulala njaa nyumbani kwako wala kuvaa soksi yenye tundu."

"Basi unakwenda kuangalia nini mle ndani?"

Basi la Todmorden lilikuja, likasimama, likaona hawapandi, likaondoka.

"Kile kicheko," Wilf alisema. "Miaka yote hii mimi sijawahi kukiona. Unatabasamu, ndiyo. Jean akisema jambo unafanya hivi na pua. Nikadhani basi, hana. Watu wengine hawana, mama yangu hakuwa nacho. Kumbe unacho. Unakiacha kazini."

Watu kadhaa walipita, wakawasalimu, wakageuka kuwatazama, na Alma hakuwaona.

"Ulikuwa unacheka nini?" Wilf aliuliza. "Nellie anazungusha maneno ya jumba la mfalme. Nimeyasikia. Huyo si wewe."

Sasa hapakuwa na pa kujificha, wala hakutaka tena.

"Nilimwambia niliolewa kwa sababu ya kitanda."

"Kitanda?"

"Tulikuwa tunalala wanne kitanda kimoja, mimi na dada zangu. Ivy katikati. Ivy alikuwa anapiga mateke, Wilf, wewe humjui Ivy akilala, ni farasi wa mkokoteni wa mkaa. Nilikuwa na alama za kucha zake mpaka hapa. Ukaja wewe Jumapili ile, ukasimama sebuleni kwa mama, ukasema umepata nyumba ya vyumba viwili mtaa wa Cobden, na kitanda umeshanunua. Ulisema na mambo mengine, ulisema mengi kuliko ulivyowahi kusema tangu hapo. Mimi sikusikia kitu baada ya kitanda."

Wilf alikuwa ameinamisha kichwa. Mabega yake yalianza kutikisika, na Alma akaogopa, akanyoosha mkono kumshika. Ndipo aliposikia. Ilikuwa sauti ya chini na ya kukwaruza, kama injini iliyolala majira yote ya baridi.

"Na mimi nakoroma," Wilf alisema, machozi yakimtoka.

"Unakoroma! Tangu usiku wa kwanza! Hapo ndipo nilipokuwa nacheka. Nilimwambia Nellie, nimekimbia mateke nimeangukia kiwanda cha kupasulia mbao."

Wakashikana mikono ya makoti pale kituoni, watu wazima wawili, wakacheka mpaka mwanamke aliyekuwa anashusha pazia la duka lake akatoka mlangoni kuwaangalia. Kilikuwa kicheko kile kile au ndugu yake. Alma alikijua kwa maumivu ya mbavu.

Kilipoisha, Wilf alipangusa macho na kutulia. Kisha akauliza, bila kumtazama, "Na sasa?"

Alma alilitafuta jibu kwa uaminifu, kama anavyotafuta uzi uliokatika ndani ya nyuzi elfu.

"Neno lake silijui, Wilf. Nikikuambia neno nitakuwa nasema ya Nellie. Wiki hii nilidhani umekwenda kwa dada yako. Nilikaa jikoni nasikiliza lango. Hilo naweza kukuambia. Lingine silijui."

Wilf aliitikia kwa kichwa polepole, kama fundi aliyeonyeshwa mahali mtambo unapolia, hata kama bado hajaufungua.

"Ulikuwa unasikiliza lango," alirudia.

"Ndiyo."

"Haya."

Wakanunua samaki na chipsi, wakala kwa mikono wakitembea, jambo ambalo Alma alikuwa akiwakataza watu wote wa nyumba yake tangu alipokuwa na nyumba.

Jumatatu filamu ilikuwa imeondoka Regal, na mabango yake yamefunikwa na mengine ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Thornshaw ilikwisha kuamua kwamba Bwana Lanyon aliitukana, na kwamba hakuna mji mwingine ambao angeweza kuutukana vizuri vile. Kiwandani mitambo iliwashwa, sakafu ikaanza kutetemeka. Wanawake bado walikuwa na tabia ya kugeuka kidogo, ingawa si wote.

Asubuhi ile mtambo mmoja wa safu ya ukutani uliharibika, na Wilf akaja na sanduku lake la vifaa. Akaufungua, akaufunga, akaujaribu. Kisha badala ya kuondoka akasimama wima, akageuka kuelekea njia ya katikati na kumtafuta mkewe kwa macho. Wilf Shorrock hakuwa na mazoea ya kusema kwa midomo isipokuwa kwa mambo ya kazi. Mafuta, mkanda, ngoja, tayari. Wafumaji walimwona amesimama hivyo, na mmoja baada ya mwingine wakainua vichwa.

"Alma," alisema, kwa midomo mikubwa, bila kuficha, ili asomwe na yeyote anayetaka. "Jumamosi kuna treni ya kwenda baharini, Blackpool. Mimi na wewe. Unakuja?"

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Alma. Nellie aliacha uzi wake ukatike. Sid Catlow, aliyekuwa amepiga magoti chini ya mtambo wa nne, akatoa kichwa. Walikuwa wakimngojea, macho yote kwenye mdomo wake.

Alma akatoka kwenye mitambo yake. Akatembea njia ile mpaka alipomkaribia mumewe, akazunguka akasimama mbele yake, kati yake na wao, na ukumbi wote akaupa mgongo. Walichokiona ni kitambaa cha kichwa na mafundo ya mshipi wa aproni. Kilitikisika kidogo kile kitambaa, alivyokuwa akisema, na jibu lilikuwa refu, refu kuliko ndiyo au hapana. Wilf alilisoma mpaka mwisho. Akainama, akaokota spana yake, akaitazama kama hajui ni ya nini, akaitia kwenye sanduku.

Alma aliporudi, Nellie alikuwa karibu kupasuka.

"Umemwambia nini? Alma! Umemwambia nini?"

"Uzi wako umekatika," Alma alisema, na kuinamia kazi yake.